Kivuli Tulichokiita Hirizi

Miezi mitatu mizima niliamka kila siku nikitamani mashine ikosee.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi katika kituo kidogo cha eksirei hapa Ukunda, kwenye barabara ya ndani, baina ya duka la mabati na chumba cha mshonaji. Picha zilipigwa kwetu, lakini daktari bingwa wa kuzisoma alikuwa Mombasa, ng'ambo ya feri. Picha ilimfikia kwa intaneti, akaitazama, akazungumza kwenye simu yake, na sauti yake ikanirudia mimi. Nilivaa visikizi nikaandika alichosema: moyo una ukubwa wake wa kawaida, mapafu yote mawili ni safi, hakuna maji. Ripoti yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, lakini kituo chetu kilikuwa na desturi ya kuongeza chini yake mistari mitatu minne ya Kiswahili kwa ajili ya mgonjwa mwenyewe. Mistari hiyo ilikuwa yangu. Hakuna aliyenifundisha kuiandika. Niliipima kama ninavyoipima sentensi ya riwaya, kwa sababu nilijua kuna mtu atakayesomewa na mjukuu wake barazani, na neno moja kali lingemkalia kifuani kuliko ugonjwa wenyewe.

Kazi ilianza saa sita mchana. Asubuhi zangu zote zilikuwa za kuandika riwaya, kwenye meza ya chumba nilichopanga, mlango wazi, harufu ya mahamri ya jirani ikiingia. Kabla ya hapo nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja ya Diani, leo zamu ya alfajiri, kesho ya jioni, na mwaka mzima nilipata kurasa tisa tu, zote mbaya. Kwa hivyo kazi ya kituoni ilinilipia chumba, ikamlipia mama dawa zake kule Munje, na juu ya hayo ikaniachia asubuhi. Ingeondoka, ningerudi kwenye kaunta ya hoteli kutabasamu. Nilijua hivyo jinsi mtu anavyojua urefu wa chumba chake gizani.

Kisha mkurugenzi akaja na programu.

Alikuwa kijana wa bara, mpole, mwenye haraka, anayekunywa chai amesimama. Aliweka kompyuta mpya juu ya meza yangu, akafungua picha ya kifua ya mtu fulani, na kabla sijavuta kiti kijisanduku chekundu kilikuwa kimeshachorwa juu ya pafu, na maneno yamejipanga pembeni.

"Hii kitu inasoma kifua kwa sekunde," alisema. "Si dakika, sekunde. Na ripoti inaandika yenyewe."

"Na Kiswahili?" nikauliza.

"Hata Kiswahili." Alinitazama kama mtu aliyemkanyaga mwenzake mguu. "Si kizuri kama chako."

Mpiga picha wetu alikuwa mlangoni, amejifunga leso kiunoni juu ya koti lake jeupe. Alikuwa mama wa Kombani, amepiga picha za mifupa na vifua vya watu wa pwani hii tangu enzi za filamu za kuoshwa kwenye dawa, na wagonjwa wote walimwita Mama wa Picha. Aliuliza, "Na hiyo mashine itamwambia mgonjwa avue shati?"

"Wewe hauguswi, mama. Lazima mtu wa kupiga awepo."

"Basi nitabaki mimi na kompyuta," akasema. "Angalau haitaniomba chumvi kila mchana."

Aliyekuwa akimwomba chumvi ni mimi. Tulicheka, na kicheko kikaisha haraka.

Mkurugenzi hakuwa dhalimu. Alituwekea miezi mitatu ya majaribio. Alinipa daftari la jalada gumu akaniambia niandike humo kila mahali programu itakapokosea, na siku ya mwisho tukae tulisome pamoja. Ikiwa inakosea kwa namna ya kutisha, angeirudisha ilikotoka. Ikiwa haikosei, alisema, "utanielewa, mwandishi." Alinifanya hakimu wa kesi yangu mwenyewe, na sidhani kama alifahamu hivyo.

Mambo yalibadilika kimyakimya. Zamani kila picha ilipitia kwa daktari, naye alilipwa kwa kila moja. Sasa zilimfikia zile tu zenye kijisanduku chekundu, nyingine zikatoka na ripoti ya programu bila jicho la mtu. Pato lake kwetu likashuka chini ya nusu, naye akaziba pengo kwa kuchukua vituo vingine vitatu, kimoja hadi Voi. Yule mtu aliyekuwa akisoma picha taratibu, akinitania katikati ya ripoti, "mwandishi wa vitabu, hapo weka nukta upumue," alianza kunipigia akiwa ndani ya gari, honi zikilia nyuma yake, simu ya pili ikiita. Na programu nayo ilitulipisha kwa kila picha iliyopita ndani yake, nzuri au mbovu, kwa hivyo mkurugenzi akatuomba tusirudierudie picha. Zamani tulirudia bila kufikiri.

Ilikuwa inakosea, lakini si sana. Makosa yake mengi yalikuwa ya aina moja, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kuieleza.

Watu wengi wa kwetu huvaa hirizi. Pakiti ndogo ya ngozi iliyoshonwa, ndani yake karatasi yenye aya, mara nyingine na kipande cha fedha, imefungwa kwa uzi unaopita begani na kulala ubavuni, chini ya nguo. Kwenye picha huacha kivuli. Mtu wa mjini akiambiwa avue mkufu huuvua. Mtu wa Vanga au wa Mwereni akiambiwa mbele ya foleni avue hirizi, hukana kwamba anayo, kisha huisogeza mgongoni akidhani picha inaona mbele tu. Mama wa Picha alikuwa na njia yake. Hakulitamka neno hirizi hata siku moja. Alimsogelea mgonjwa kwenye benchi akamwuliza kwa sauti ya chini, "Una amana yoyote mwilini?" Kila mtu alielewa. Anayekubali aliingia chumbani akaiweka mwenyewe, kwa mkono wa kulia, juu ya sahani iliyotandikwa kitambaa cheupe. Mama hakuigusa. Asiyekubali hakulazimishwa. Mama aliandika herufi A kwenye karatasi ya mgonjwa, na kwenye mchoro mdogo wa kifua uliochapwa pale akatia kiduara mahali amana ilipolala. Mimi niliiona A, nikamwambia daktari, naye aliyezaliwa pwani hii hii akasema, "Haya, tuiache amana ya watu," akasoma yaliyobaki.

Programu haikuisoma karatasi. Iliona picha peke yake. Ikaichorea kijisanduku kila hirizi iliyokaa ubavuni na kusema huenda ni uvimbe kwenye pafu. Siku ya kwanza nilicheka mpaka mshonaji akachungulia dirishani kuuliza kuna nini. Nikaandika kwenye daftari: kosa la kwanza. Wiki ya pili la pili na la tatu. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa na makosa kumi, manane yakiwa hirizi, na nilikuwa nimeanza kutembea barabarani kwa kifua mbele. Nilijitungia hata hotuba ya kumpa mkurugenzi: kwamba hapa Kwale picha haijitoshelezi, inamhitaji mtu anayejua kilichofunikwa na kanga.

Mkutano wetu ulikuwa siku ya Alhamisi. Jumanne alikuja mzee mmoja wa Majoreni.

Alikuwa mchonga mawe, wale wanaokata matofali ya matumbawe kwa shoka, na vumbi jeupe lilikuwa limemwingia kwenye mikunjo ya shingo kama poda. Zahanati ilimtuma kwetu kwa kikohozi cha miezi. Mkewe alimsindikiza. Mama wa Picha akamsogelea na swali lake.

"Ninayo," mzee alijibu, bila kushusha sauti. "Na haitoki. Hii nilivikwa na babu siku nilipotahiriwa."

"Haina neno, baba. Ikae mahali pake."

"Mashine yenu haitaivunjia heshima?"

"Mashine yetu haina adabu, lakini haina nguvu hizo."

Mkewe akacheka. Mama akaandika A, akatia kiduara ubavu wa kushoto, akamwingiza ndani.

Yaliyotokea mle chumbani niliyajua baadaye. Mzee aliposimama mbele ya ubao, kidevu juu, mikono kiunoni, aliona haya kwamba mwanamke mtu mzima amemvumilia kiasi kile kwa upole. Akaivua hirizi mwenyewe bila kuambiwa, akaiweka kwenye sahani. Mama akamshukuru. Wakati huo huo umeme ukakatika. Tukawasha jenereta, foleni ikanung'unika, mtoto mmoja akaanza kulia, na picha ilipopigwa hatimaye, Mama alikuwa ameshasahau kuifuta ile A.

Picha ikafika kwangu. Kijisanduku chekundu, chini ya pafu la kushoto. Karatasi nayo ikisema A, ubavu wa kushoto. Nikampigia daktari nikifurahi. Nakumbuka kabisa kwamba nilifurahi.

"Nipo njiani, mwandishi, naitazama kwenye simu," alisema. "Ana amana?"

"Anayo, daktari. Kushoto, karatasi inasema."

"Pembe zake zinaonekana?"

Hirizi ni kitu cha kushonwa, ina pembe. Hilo ndilo tulilotumia siku zote kuithibitisha. Nikaikuza picha. Kivuli kilikuwa kidogo, cha kijivu, kingo zake zimechakaa. Nikakitazama mpaka nikapata pembe moja, kisha ya pili.

"Zinaonekana."

"Ungempiga tena ningefurahi," akasema, halafu nadhani naye akakumbuka ombi la mkurugenzi. Simu yake ya pili ikaita. "Basi andika. Kitu cha nje ya mwili. Kwingine safi."

Nikaandika. Chini yake nikaandika Kiswahili changu: Mapafu yako ni mazima. Kivuli kilichoonekana ni cha hirizi, si cha ugonjwa. Nikafungua daftari nikaongeza kosa la kumi na moja, kwa wino mweusi zaidi.

Jumatano, muda mfupi baada ya adhuhuri, nilisikia hodi. Alikuwa yule mzee, ameshika kofia mkononi.

"Nimeacha mzigo wangu jana," aliniambia. "Niliukumbuka nimeshafika nyumbani. Leo nimekuja peke yangu, mke wangu amekataa katakata kurudi kwenye jua hili."

Sikuelewa. Mama wa Picha ndiye aliyeelewa. Alitoka na ile sahani ameishika kwa mikono miwili, kitambaa cheupe juu, na hirizi juu ya kitambaa. Mzee akaichukua kwa mkono wa kulia, akaigusisha kwenye paji la uso, akaanza kuifunga pale pale mbele ya meza yangu, akivuta uzi chini ya kanzu.

"Kwani uliivua lini, mzee?" nikauliza.

"Jana, mle mle ndani. Kabla hajanipiga picha. Niliona si uungwana kumgomea."

Nilikuwa nimeshika kalamu. Naikumbuka kwa sababu niliitazama badala ya kumtazama yeye. Kama hirizi ilikuwa kwenye sahani, basi kilichokuwa kwenye picha kilikuwa ndani ya mwili wake.

"Na ile karatasi yako nimesomewa," akaendelea. "Wewe ndiye uliyeandika? Mapafu yako ni mazima. Mjukuu wangu amenisomea mara mbili. Jana nimelala, mwanangu. Kitambo sijalala."

Nikasema, "Alhamdulillahi."

Hilo ndilo nililosema. Mdomo wangu ulilitoa kwa adabu, kama mdomo wowote wa pwani ungelitoa, na mzee akalipokea, akavaa kofia, akaaga. Alipita mbele ya dirisha. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kumwita. Nilimsikia akikohoa kwenye kona ya duka la mabati, kisha sikumsikia tena.

Mama wa Picha hakujua lolote. Ripoti hazikupitia kwake. Alikunja kitambaa akarudi ndani.

Nilijiambia nitasema Ijumaa. Alhamisi ilikuwa ya mkutano, na siku moja haimdhuru mtu aliyekohoa miezi. Nilijiambia huenda ni kovu la zamani. Nilijiambia daktari ndiye mwenye sahihi. Kila nilipolimaliza jambo moja kujiambia, nililianza jingine, na nilishangaa jinsi nilivyo hodari wa kazi hiyo. Kumi na moja ilikuwa hesabu nzuri. Nikilitoa lile la mzee, singebaki na kumi tu. Ningebaki na kumi na kisa kimoja ambacho mashine iliona sawasawa na mimi nikaibishia.

Asubuhi ya Alhamisi nilikaa mezani na riwaya yangu. Kulikuwa na mhusika aliyekuwa akidanganya kwa mapenzi, na nilikuwa nimempa sababu nzuri nzuri. Nilizisoma nikazichukia. Saa mbili na nusu nilifunga mlango nikaenda kituoni, ambako Mama wa Picha alikuwa peke yake akifuta ubao kwa spiriti.

"Leo umeota nini?" aliniuliza. "Umekuja mapema kama mdai."

Nikamwambia yote nimesimama. Nilipofika kwenye pembe nilizoziona, aliacha kufuta.

"A ni yangu," alisema. "Nilipaswa kuifuta."

"Lakini jana ulimpa hirizi yake mbele yangu. Nilijua tangu jana."

"Tangu jana saa ngapi?"

"Saa saba."

Alinitazama, na sikuona hasira, niliona hesabu: saa ngapi zimepita, Majoreni ni umbali gani. "Mpigie daktari," akasema. "Halafu nipe simu mimi."

Daktari alisikiliza bila kunikatiza. Nilisikia gari lake likiegeshwa, injini ikizimwa. Akaifungua ile picha upya, na safari hii alikaa nayo muda mrefu kama zamani.

"Hakuna pembe hapa," alisema.

"Hakuna, daktari."

"Ulisema zipo."

"Nilisema."

"Na mimi nikasema andika." Akapumua. "Mwiteni. Mpigeni tena, na ubavu pia. Gharama ya picha nitailipa mimi, asiniulize mtu."

Namba iliyokuwa kwenye karatasi ilipokelewa na mkewe. Mama wa Picha alizungumza naye, salamu kwanza, hali ya nyumbani, hali ya mgonjwa, kisha akamwambia tumekosea kuisoma picha na tunaomba kuirudia, leo hii, bila malipo. Hakumtisha wala hakumficha. Nilimsikiliza nikajua kwamba sentensi zangu zote za Kiswahili nilikuwa nimezijifunza kwake.

Walifika saa saba na robo kwa pikipiki mbili. Mkurugenzi alikuwa amewatangulia kwa dakika chache, na chai yake mkononi. Nilimwambia mkutano usubiri picha moja. Akauliza ni picha gani, nikamwambia ni kosa la kumi na moja.

Mzee alivua kanzu, kisha hirizi, akampa mkewe aishike. Mama wa Picha alimweka kwenye ubao akarudi nyuma ya ukuta. "Vuta pumzi. Ishike." Tulisimama watatu mbele ya kompyuta, mkurugenzi, mimi, na Mama aliyekuja akipangusa mikono. Kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu nilichokitaka kwa ajili yangu na nilichokitaka kwa ajili ya mgonjwa kilikuwa kitu kimoja: kijisanduku kisionekane. Pafu la kushoto likajitokeza, jeupe na jeusi, mbavu zimejipanga. Kijisanduku kikachorwa mahali pale pale.

Programu ilikuwa imeshaandika ripoti yake pembeni, sentensi nne zilizonyooka, na ya mwisho ikishauri picha ya kina kwenye hospitali kubwa. Haikusema kwamba ilikuwa ikiwaambia watu hayo hayo tangu Jumanne.

Daktari alipiga simu. Alisoma taratibu, nami nikaandika neno kwa neno, ingawa maneno yake na ya programu yalikuwa karibu yale yale. Aliniomba niongeze barua ya rufaa kwenda Mombasa, na jina la mwenzake wa kumpokea mzee kesho yake asubuhi. "Kimewahiwa?" nikamwuliza. "Ni kidogo," akajibu. "Siwezi kukwambia zaidi ya kidogo."

Mkutano wetu ulichukua muda mfupi. Mkurugenzi alifungua daftari akasoma ukurasa kwa ukurasa. Kwenye la kumi na moja nilikuwa nimepiga mstari, na chini yake nimeandika: hili ni langu.

"So haya mengine ni kwa sababu haioni ile karatasi ya mama," alisema.

"Ndiyo."

"Na hilo la mwisho ni kwa sababu wewe uliiona."

Hakulisema kwa ukali. Alimgeukia Mama wa Picha akamwuliza kama ile A inaweza kuingizwa kwenye kompyuta, mahali pa kutia alama, na pa kuifutia mtu akiivua. Mama akasema alama inaweza, ila swali ataendelea kuliuliza mwenyewe kwa mdomo. Na kila mwenye kivuli na A, akasema, arudiwe picha, gharama au si gharama, la sivyo atafutwe mpiga picha mwingine. Mkurugenzi akakubali papo hapo. Kisha akaniambia nitamaliza mwezi, na kwamba angeniandikia barua nzuri ya kazi.

"Ningeficha, ningebaki?" nikamwuliza.

Alifikiri, na namheshimu kwa kufikiri kwake. "Labda mwaka mmoja," akasema.

Walipotoka nilibaki na printa. Mzee alikuwa nje kwenye benchi, pamoja na Mama. Mkewe aliingia akakaa kwenye kiti kilicho mbele yangu, hirizi bado iko kiganjani mwake.

"Nani aliyekiona?" aliniuliza.

"Mashine, mama. Ilikiona tangu siku ya kwanza."

"Na nyinyi?"

"Sisi tuliibishia. Mimi niliibishia."

Alingoja. Wanawake wa kwetu wanajua kungoja kwa namna inayokuvua nguo. "Kwa nini?" akasema.

"Nilitaka ikosee. Ilikuwa inanitoa kazini."

"Imekutoa?"

"Mwisho wa mwezi."

Aliiangalia bahasha niliyokuwa nimeishika. Sikujua kama atanitukana, na nilitamani anitukane. Akasema, "Hiyo ni ya Mombasa?"

"Ndiyo. Na chini kuna ya mzee."

"Ile ya juzi ulimwandikia mazima. Ukamlaza usingizi."

"Nimemwandikia nyingine."

"Nisomee mimi kwanza. Yeye nitamwambia njiani."

Nikaitoa karatasi. Nikamsomea kwamba kwenye pafu la kushoto kuna kivuli ambacho mara ya kwanza tulikisoma vibaya, kwamba ni kidogo, kwamba hatujui ni nini, na kwamba kesho asubuhi kuna daktari anayemngoja ili ajue. Aliniomba nirudie hapo penye hatujui. Nikarudia.

"Liache," alisema. "Ndilo la kweli." Akainuka, akaniomba kalamu, akaandika nyuma ya bahasha saa ya kuwahi feri.